Umeme Huenda na Kurudi

Maji ya Mto Ruaha Mkuu yakiisha kupita katika mitambo ya Mtera, pale mpakani mwa mikoa ya Dodoma na Iringa, hayarudi tena bwawani yalikotoka. Hushika njia yao hadi Kidatu yakazungusha mitambo mingine, kisha huungana na Mto Rufiji, na tangu mwaka 2024 huzungusha mitambo ya tatu katika Bwawa la Julius Nyerere kabla ya kumiminika katika Bahari ya Hindi. Umeme uzaliwao na maji hayo una tabia iliyo kinyume kabisa. Hauendi mahali pasipokuwa na njia ya kurejea, na njia hiyo ikikatwa, ijapokuwa kwa upana wa unywele, mwendo wote husita mara moja, mwanzo wake na mwisho wake kwa pamoja. Njia kamili ya namna hiyo, inayotoka kwenye chanzo, ikapita katika kifaa chenye kuitumia nguvu, ikarejea chanzoni bila ya kukatika, ndiyo iitwayo saketi; na mtu aliyeifahamu saketi barabara amekwisha fahamu sehemu kubwa ya yale yatokeayo ndani ya kuta za nyumba yake, na, jambo lililo kubwa zaidi, amejua ni lipi kati ya hayo linaloweza kumwua.

Walimu wa fizikia aghalabu hulianza somo hili kwa kuufananisha umeme na maji, nao wana haki, kwani katika mambo matatu mfano huo ni sahihi, na mwenyeji wa Mtera anao mbele ya macho yake kila siku. La kwanza ni kimo. Bwawa la Mtera likijaa sawasawa, uso wa maji huwa mita 698.50 juu ya usawa wa bahari, na kiwango cha chini kilichowekwa kwa ajili ya kuzalisha umeme ni mita 690. Maji yaliyo juu yana msukumo mkubwa kuliko yaliyo chini, na msukumo wa jinsi hiyo katika umeme hupimwa kwa volti. La pili ni wingi wa maji yapitayo kila sekunde, ambao katika umeme huitwa mkondo na hupimwa kwa ampea. La tatu ni wembamba wa njia na ukwaruzaji wake, ambao huyachelewesha maji, na katika umeme huitwa ukinzani, ukapimwa kwa omu. Mfano huo hukwama katika jambo la nne, hili la kurejea, nami naona huo ndio upungufu wenye hatari, kwa kuwa mtu aliyezoea kuufikiria umeme kama maji ya bomba hudhani kwamba waya mmoja tu ndio wenye kazi na ule wa pili ni wa kujazia nafasi, ilhali mkondo uleule, kwa kiasi kilekile, hupita katika nyaya zote mbili.

Saketi iliyo sahali kuliko zote ni ile iliyomo katika tochi, nami namwomba msomaji aliye nayo aifungue, hasa ikiwa ni ile ya bati ya zamani ichukuayo betri mbili kubwa. Betri zimepangwa kwa kufuatana, kichwa cha hii kikigusa kitako cha ile, na kila moja ikitoa volti 1.5, hata jumla ikawa volti 3. Kichwa cha betri ya mbele hugusa ncha ya chini ya balbu. Mkondo huingia hapo, ukapita katika uzi mwembamba wa tangisteni uliomo ndani ya kioo, ukatokea kwenye shingo ya balbu, na kutoka shingoni ukafuata bati la tochi lenyewe mpaka kwenye mfuniko wa nyuma, ambako springi huupokea na kuurudisha katika kitako cha betri ya nyuma. Swichi si kitu ila kibati kidogo ambacho kikisogezwa mbele huiunganisha njia, na kikirudishwa nyuma huacha pengo. Igeuze betri moja hata zitazamane kichwa kwa kichwa, nawe utaona tochi haiwaki asilani, kwa kuwa msukumo wa moja unaufuta msukumo wa nyingine. Au iache springi ishike kutu, nawe utaona nuru imefifia, kwa sababu kutu ni ukinzani uliojiongeza njiani.

Ndani ya betri za namna hii, kama zile za National zilizokuwa zikitengenezwa Dar es Salaam, mna kopo la zinki, kijiti cha kaboni katikati, na unga mweusi wa manganizi uliolowanishwa kwa chumvi. Zinki huliwa kidogo kidogo, na katika kuliwa huko ndimo utokamo msukumo. Watu wa vijijini wana desturi ya kuzianika juani betri zilizochoka ili redio ipate kusema tena jioni, na desturi hiyo ina hakika yake: joto huharakisha kazi ya kikemia na kuupunguza ukinzani wa ndani ya betri. Walakini jua haliwezi kuirudisha zinki iliyokwisha kuliwa, na ndiyo sababu nafuu hiyo haidumu.

Uhusiano wa yale mambo matatu, msukumo, mkondo na ukinzani, ulibainishwa na Georg Simon Ohm, mwalimu wa Kijerumani, katika kitabu alichokichapisha mwaka 1827, nao ni mfupi kiasi cha kuandikwa ukuchani: volti ni sawa na ampea mara omu. Tuitie kanuni hiyo katika pasi ya umeme ya wati 1,000. Wati hupatikana kwa kuzidisha volti na ampea, na umeme wa majumbani mwetu ni wa volti 230. Basi pasi hiyo huvuta ampea 4.35, na ukigawanya 230 kwa 4.35 utapata ukinzani wa takriban omu 53. Omu hizo zimewekwa kwa makusudi, maana ndizo zinazougeuza umeme kuwa joto la kunyoshea nguo. Ukiiacha pasi hiyo iwake kwa saa nzima bila ya kupumzika, itakuwa imekula uniti moja kamili ya LUKU.

Ndani ya nyumba vifaa havipangwi kwa kufuatana kama betri za tochi. Lau vingepangwa hivyo, taa ya chumbani isingewaka mpaka na ya ukumbini iwashwe, na balbu moja ikiungua nyumba yote ingekuwa gizani; fauka ya hayo, kila kifaa kingegawana volti 230 na wenziwe, hata kisipate kimoja kati yavyo haki yake. Kwa hiyo fundi huvipanga sambamba, yaani kila kimoja hupewa njia yake kutoka kwenye waya wa laivu hadi kwenye waya wa nyutro, na kila kimoja hupata volti zote 230. Hapo huja kanuni ya Gustav Kirchhoff ya mwaka 1845, isemayo kwamba mikondo yote iingiayo katika fundo la nyaya ni sawa na mikondo yote itokayo. Kwa maneno mengine, katika waya mkuu mikondo hujumlishwa, na katika kujumlishwa huko ndiko zitokako ajali nyingi za moto.

Hebu tuitazame ekstensheni moja iliyochomekwa ukutani. Jagi la kuchemshia maji la wati 2,000 huvuta ampea 8.7, jiko la sahani moja la wati 1,500 huvuta ampea 6.5, na pasi yetu huvuta 4.35, jumla ni karibu ampea 20, na plagi ya ekstensheni ile ina fyuzi ya ampea 13. Fyuzi ni kipande cha waya mwembamba uliokusudiwa kuyeyuka kabla waya wa ekstensheni haujapata madhara, basi ikiyeyuka imetimiza amana yake, wala haikuharibika kwa ubovu. Inanisikitisha sana kila nionapo fyuzi iliyoondolewa na mahali pake pakatiwa nyuzi za shaba au karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, kwa kuwa joto la waya hukua kwa mraba wa mkondo: mkondo ukizidi mara moja na nusu, joto huzidi mara mbili na robo, na ukizidi maradufu, joto huwa mara nne. Waya wa milimita za mraba 1.5 uliotandazwa kwa ajili ya taa hauwezi kuchukua mzigo wa soketi za jikoni, ambazo kwa kawaida hutandaziwa waya wa milimita za mraba 2.5, na tofauti hiyo ndogo ya bei dukani ndiyo tofauti ya nyumba iliyosimama na nyumba iliyoteketea.

Vipo viungo vingine vya saketi ambavyo nitavipitia kwa haraka. Dayodi huruhusu mkondo upite upande mmoja tu, na kwa hiyo huwekwa katika chaja za simu ili kuunyosha umeme wa ukutani, na katika mitambo ya sola ili betri isirudishe umeme wake kwenye paneli wakati wa usiku. Kapasita huhifadhi chaji kwa muda na kuitoa inapohitajika. Ndiyo maana fundi wa redio na televisheni mwenye hadhari haingizi mkono ndani ya chombo kwa sababu tu kimezimwa, maana kapasita yaweza kuwa bado imebeba mamia ya volti. Transista, iliyovumbuliwa Marekani mwaka 1947, hutumia mkondo mdogo kuutawala mkondo mkubwa, na kwayo redio iliyokuwa na ukubwa wa sanduku ikaweza kutiwa mfukoni.

Sasa turejee Mtera. Bwawa lilijengwa katika nusu ya pili ya miaka ya 1970, kwanza kwa madhumuni ya kuhifadhi maji ya kiangazi kwa ajili ya Kidatu, na mitambo yake yenyewe, miwili ya megawati 40 kila mmoja, ilianza kazi mwaka 1988. Kazi ya mitambo hiyo imejengwa juu ya ugunduzi wa Michael Faraday wa mwaka 1831, kwamba sumaku ikizungushwa karibu na waya huusukuma umeme ndani ya waya huo. Kwa kuwa pande za sumaku hupishana mbele ya waya, msukumo nao hugeuka, mara mbele na mara nyuma, duru 50 katika kila sekunde. Basi katika umeme huu waya wa kwenda huwa wa kurudi na wa kurudi huwa wa kwenda, mara 100 katika sekunde moja, na chembe za umeme zilizomo katika waya wa nyumbani kwako hazikutoka Mtera wala hazitafika huko, bali hutikisika palepale zilipo.

Mtu mwenye macho makali aweza kuuliza hapa: ikiwa kila saketi lazima iwe na njia ya kurejea, mbona laini kubwa ya volti 220,000 itokayo Mtera kwenda kituo cha Zuzu, Dodoma, ina nyaya za umeme tatu tatu, na hakuna ya nne ya kurudia? Suali hilo ni zuri, na jibu lake ni zuri zaidi. Mtambo una mizingo mitatu ya waya iliyopangwa kwa kupishana, kila mmoja ukifikia kilele chake thuluthi ya duru baada ya mwenziwe. Kwa hiyo mkondo uendao katika waya mmoja hurudi katika nyaya mbili nyingine, na mizigo ikiwa imelingana, jumla ya mikondo ya nyaya tatu katika kila nukta ya wakati ni sifuri. Nyaya nyembamba zipitazo juu kabisa ya minara ni za kukinga radi. Ukija mitaani, baada ya transfoma, utaziona nyaya nne, kwa kuwa huku nyumba moja hutumia waya mmoja tu kati ya zile tatu, majirani hawawashi vifaa sawa kwa sawa, na ziada isiyolingana huhitaji nyutro ya kurudia.

Na kwa nini volti 220,000? Hesabu ni ileile ya mraba wa mkondo. Megawati 80 zikisafirishwa kwa volti 220,000 katika nyaya tatu, kila waya huchukua takriban ampea 210. Lau zingesafirishwa kwa volti 11,000, kila waya ungechukua ampea 4,200, yaani mara ishirini, na hasara ya joto njiani ingekuwa mara mia nne; nguvu yote ingeishia kuwapasha joto ndege wa Mvumi na Chipogolo bila ya kufika mjini. Transfoma hufanya kazi ya kupandisha na kushusha volti kwa mizingo miwili ya waya isiyogusana, iliyoviringishwa juu ya chuma kimoja, na nguvu huvuka kutoka mzingo hadi mzingo kwa njia ya usumaku. Maana yake ni kwamba saketi ya nyumba yako huanza kwenye transfoma ya mtaa na kuishia papo hapo kwenye transfoma ya mtaa.

Mkazi wa mwisho wa laini analijua jambo hili kwa taabu zake. Saa moja ya usiku, wakati kila nyumba imewasha jiko, husikika malalamiko kwamba umeme ni mdogo, friji linanguruma bila ya kugandisha na taa zinafifia. Tuseme nyaya za kwenda na za kurudi, kutoka kwenye transfoma hadi kwake, zina ukinzani wa omu 1 kwa jumla. Mkondo wa ampea 15 ukipita humo, volti 15 hupotea njiani, naye hupata 215. Majirani wakiongeza mizigo yao hata mkondo ukafika ampea 40, hubakiwa na volti 190. Mtambo wenyewe nao huhisi: mizigo ikizidi, sumaku inayozunguka huwa nzito kuzungushwa, na malango ya maji hayana budi kufunguliwa zaidi ili zile duru 50 zisipungue. Hivyo ukame wa bonde la Ruaha, kama ule ulioleta mgawo wa umeme mwaka 2006, huingia mpaka jikoni mwa mtu asiyewahi kuliona bwawa.

Limebaki jambo ambalo kwa watu wa Dodoma nalihesabu kuwa kubwa kuliko yote niliyoyataja. Waya wa nyutro, pale chini ya transfoma, umeunganishwa na ardhi. Kwa sababu hiyo ardhi yenyewe imekuwa njia ya kurejea, na mtu aliyesimama juu yake bila viatu, mkono wake ukigusa waya wa laivu, ameikamilisha saketi kwa mwili wake. Mwili uliolowa una ukinzani wa takriban omu 1,000. Volti 230 zikigawanywa kwa 1,000 ni ampea 0.23, na mkondo uliozidi ampea 0.03 ukipita kifuani ni wa kuhatarisha maisha. Ili kuikinga balaa hiyo, mabati ya pasi, ya jagi na ya friji huunganishwa kwa waya wa tatu, wa erthi, ambao hushuka mpaka kwenye fimbo iliyochimbiwa uwanjani, kwa tumaini kwamba waya wa laivu ukilegea na kuligusa bati, mkondo mkubwa utakimbilia ardhini na mara moja kuiangusha breka, yaani swichi ijikatayo yenyewe mkondo ukizidi.

Tumaini hilo, katika nchi kavu, halitimii daima. Umeme hupita udongoni kwa msaada wa unyevu na chumvi, na uwanda wa kati hupata mvua zake kuanzia Desemba hadi Aprili, kisha miezi mingi hupita bila ya tone. Fimbo iliyopimwa wakati wa kifuku ikaonekana njema yaweza, ifikapo kiangazi, kuwa na ukinzani wa omu 100 na zaidi. Tazama sasa yatokeayo: volti 230 zikigawanywa kwa omu 100 ni ampea 2.3. Breka ya ampea 32 haioni kitu. Kwake hiyo ni sawa na taa chache zilizowashwa. Bati la friji linabaki na volti karibu zote 230, kimya, bila cheche wala moshi, likingoja mkono wa mtoto.

Mafundi wa huku wamejifunza kupambana na hali hiyo. Huchimba shimo pana, wakaisimamisha fimbo katikati, wakaizungushia mkaa na chumvi kwa tabaka, kwa kuwa mkaa hupitisha umeme na kushika unyevu, na chumvi huufanya unyevu huo uwe kipitishi bora. Tena humwagiza mwenye nyumba awe anamwaga maji hapo wakati wa kiangazi. Kazi hiyo ni ya kusifiwa, lakini chumvi husombwa na mvua na pia huila fimbo, basi shimo huhitaji kufanyiwa upya baada ya miaka.

Dawa iliyo kamili zaidi ni swichi ya usalama ambayo mafundi huiita RCD, na uzuri wake ni kwamba imejengwa juu ya kanuni ileile tuliyoanza nayo. Nyaya zote mbili, laivu na nyutro, hupitishwa katika pete moja ya sumaku, nayo huulinganisha mkondo ulioenda na mkondo uliorudi. Ikiwa sawa, swichi hutulia. Ukipungua uliorudi kwa miliampea 30, maana yake kuna mkondo uliopata njia nyingine ya kurejea, pengine kupitia mwili wa mtu, na swichi hukata umeme kwa muda usiofika theluthi moja ya sekunde. Haitegemei ukubwa wa mkondo kama fyuzi na breka zifanyavyo, kwa hiyo hata fimbo yenye omu 100, ambayo breka haiihisi, kwayo yatosha sana.

Chombo hicho kina kitufe kidogo kilichoandikwa herufi T, nacho ni cha kubonyezwa mara kwa mara, kwa kuwa springi na chuma zisizosogea kwa muda mrefu hushikana. Kikibonyezwa, umeme lazima ukatike papo hapo, na usipokatika chombo hicho kibadilishwe. Na yeyote atakayemwita fundi mwenye leseni ya EWURA kuja kuipima erthi ya nyumba yake Mtera, Mpwapwa, Chamwino au Dodoma mjini, namshauri amwite mwezi wa Oktoba, udongo ukiwa umekauka hadi mwisho wake, wala asiridhike na kipimo cha Machi.